Wiki ya Kumtafutia Mama Kelele

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Mama ametoa hukumu. Aliitoa jana mezani, kijiko mkononi. Alisema kimya cha kijiji hiki kinamla kama mchwa anavyokula mlango: nje huoni kitu, ndani unga mtupu. Amempa Baba wiki moja. Jumapili saa nne asubuhi atampigia simu Mjomba aliyeko mjini. Kama masikio yake hayajazoea, yeye na mimi tunahamia kwa Mjomba. Baba atabaki hapa na ng'ombe wake.

Baba alimeza tonge, akasema sawa. Baba anakamua ng'ombe mia mbili kwa mashine. Akirudi nyumbani hataki kusikia hata kijiko kikigusa kikombe. Kwake yeye kimya hiki ni asali.

Mimi sitaki kuhama. Hapa nina chumba. Kina mlango! Nina meza pia, Baba aliitengeneza kwa ubao wa kabati lililovunjika, nami nikiandika naona barabara hadi kwenye daraja jembamba. Kwa Mjomba tulikaa miezi minne juu ya gereji. Nililala kwenye kochi na kufanya kazi za shule juu ya ubao wa pasi, huku chini wakinyoosha mabati kwa nyundo. Nilishika nafasi ya ishirini na tisa. Tulikuwa thelathini, na yule wa thelathini alikuwa mgonjwa.

Nimefikiri njia nzima ya kutoka shule. Mama hagombani na kijiji. Anagombana na kimya. Nyumbani tulikotoka alishona miaka kumi na mbili kwenye kibaraza, kushoto fundi viatu, kulia kinyozi aliyeimba vibaya. Hapa anashona peke yake, ovaroli za wakamuaji anazoletewa na Baba kwenye gunia. Dawa yake ni kelele. Ninazo siku sita.

Mpango wa kwanza: redio ya Baba. Haina betri. Dukani ni mwendo wa saa nzima. Nikakumbuka kile kikasha cheupe ukutani, karibu na mlango, cha kengele ya mlangoni. Tuna wiki sita hapa na hakijawahi kulia hata mara moja. Kimekaa tu, kinakula betri mbili bure. Nimezichukua. Kitu kisichofanya kazi na kifanyishwe kazi!

Redio imeshika stesheni moja. Mwanamume mmoja anasoma hali ya hewa na bei ya nyasi kavu, polepole sana. Mama amesikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha ameniuliza ni nani amefariki.

Redio imezimwa.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Leo nimeorodhesha sauti zote za nyumba hii, kama mwalimu alivyotufundisha kuchunguza jambo. Lori la maziwa, asubuhi. Bomba la jikoni, tone moja kila nikihesabu hadi tisa. Ng'ombe, mbali. Friji. Hizo tu.

Friji ndiyo yenye mazungumzo mengi kuliko wote. Mama anaiita Shangazi. Ikianza kunguruma humwambia, haya, Shangazi, tueleze.

Mpango wa pili: kurekodi wenzangu shuleni wakati wa mapumziko kwa simu ya zamani ya Baba, ili Mama ashone akisikia watoto. Niliiweka mfukoni ili wasijue, maana mtu akijua anarekodiwa huacha kupiga kelele akaanza kuuliza maswali. Dakika ishirini na tano kamili. Mwalimu wangu, yule mrefu mwenye mwavuli wa kijani asioachana nao hata jua likiwaka, aliniuliza kwa nini natembea mkono ukiwa umeshika mfuko. Nikasema nina baridi ya mkono.

Tumesikiliza mimi na Mama jioni. Ni kitambaa kinasugua kitambaa, na mtu anapumua. Katikati natamka kwa sauti safi kabisa kwamba naomba ruhusa kwenda chooni. Mama amesema ni kama mbuzi aliyefungiwa kwenye gunia, lakini mbuzi mwenye adabu.

Amecheka kidogo. Halafu akaacha. Ameniambia kuna kitu kinamtia baridi zaidi ya kimya chenyewe. Leo, kama jana jioni nikiwa bafuni, alisikia nyayo kwenye kokoto za uani. Zikaja mpaka mlangoni. Zikasimama. Akasubiri hodi huku ameshika mkasi. Hakuna hodi. Hakuna hata wenyewe wapo. Nyayo zikasimama muda wa kupinda mguu mzima wa suruali, kisha zikaondoka.

Mama anasema wanakuja kutuchungulia. Anasema mwenye nia njema hupiga hodi, na kwetu asiyepiga hodi ni mwizi au mkwe mwenye aibu, na yeye hana mkwe.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Nimemfuma mchunguliaji! Ni Bi Buti.

Bi Buti ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima, anavaa buti za mpira za kufika magotini hata akienda kutupa taka. Nilipokuwa natoka shule alikuwa anatoka kwetu na mfuko mkubwa kwapani, uso umekunjamana kama shati la mtu asiye na pasi. Nilijificha nyuma ya pipa la taka. Akaniona. Pipa ni fupi.

Aliniuliza kama mama yangu anaumwa. Mimi nimefundishwa kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Nikamjibu kwa heshima kwamba mama yangu ni mzima wa afya, asante.

Akauliza kama huwa hayupo nyumbani. Nikajibu yupo tangu asubuhi hadi jioni, asante.

Akafikiri. Kisha, bila haya, akauliza kama mama yangu anasikia vizuri. Yaani amtukane mama yangu mbele yangu, tena barabarani! Nikamwambia mama yangu anasikia hata sindano ikianguka, na hutambua kwa mlio kama ni namba kumi na moja au kumi na nne. Asante.

Bi Buti akasema, ahaa. Akasema sasa ameelewa. Akaondoka buti zikilia chwapu chwapu.

Nimemweza. Sikumwambia Mama, asije akapandisha presha. Ila nimeandika jina la Bi Buti nyuma ya daftari la hesabu, na kulipigia mstari chini mara mbili.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Mpango wa tatu: jogoo. Sijui kwa nini sikuanza naye.

Mzee wa Mayai, yule wa karibu na daraja, ana majogoo wanne. Nimemwomba mmoja wa kuazima hadi Jumapili. Nilidhani atakataa. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, akanichagulia mwenyewe, mkubwa, mwekundu, kilemba kama taji. Malipo ni kufagia banda lake mara tatu. Nimefagia mara ya kwanza leo. Nanuka mpaka kwenye nyusi.

Nimembeba ndani ya kapu la nguo chafu, taulo juu. Mama ameuliza ndani mna nini. Nikasema mna uhai. Amefunua, wakatazamana. Mama akasema, karibu, bwana mkubwa, ukae. Jogoo akaenda kukaa chini ya cherehani, akafumba jicho moja.

Tumemsubiri awike. Chakula kimeliwa tunamtazama. Baba amesema sasa nyumba ina wanaume wawili wasiosema, na yeye amepata mwenzake.

Nyayo zilikuja tena leo, saa tano asubuhi. Mama anasema zilisimama kidogo tu.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Jogoo hajawika.

Hakuwika alfajiri. Hakuwika lori la maziwa lilipopita. Nilimwikia mimi mwenyewe, mara sita, nimechuchumaa mbele yake, ili apate mfano. Alinitazama kama mkaguzi wa shule anavyotazama darasa la nyuma. Kisha akapanda juu ya ovaroli iliyokwisha pigwa pasi, akaifanyia jambo ambalo sitaliandika.

Nimemrudisha. Mzee wa Mayai hakushangaa hata kidogo. Amesema ndiyo, huyo hajawahi kuwika tangu atoke kwenye yai, ndiyo maana alifurahi mno nilipomwomba, alidhani huenda kubadilisha hewa kutamsaidia. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema hukuuliza kama anawika, uliuliza kama unaweza kumwazima. Kufagia bado ninadaiwa mara mbili.

Nimechoka. Mgongo ni wa bibi kizee.

Niliporudi nimesikia sauti mpya ndani ya nyumba. Ndefu, kali, inapasua. Nikakimbia nikidhani mpango mmoja umefanikiwa bila mimi kuujua.

Ilikuwa zipu ya sanduku. Mama alikuwa anajaribu kama bado inafunga.

Leo nyayo hazikuja kabisa. Ungedhani Mama angefurahi. Alisema, unaona, hata kutuchungulia wamechoka.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Sijui kama niandike ya leo. Mwalimu anasema shajara ni ya kusema kweli. Haya.

Mpango wa nne ulikuwa mzuri kuliko yote na haukuhitaji jogoo wala betri. Nilifikiri hivi: Mama hamlilii kinyozi, wala fundi viatu. Anaililia hodi. Basi nitapiga hodi mimi.

Nilimwambia naenda kufagia banda. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasubiri cherehani ianze. Nikaja mlangoni nikikanyaga kokoto kwa uzito, kama mama wa watu mwenye mwili. Nikashusha sauti hadi kifuani. Nikaita, hodi hodi, wenyewe wapo?

Cherehani ikakatika hapo hapo.

Sijawahi kusikia karibu ya namna ile. Karibu! Karibu ndani! Karibu, karibu, mlango uko wazi! Nikasikia kiti kimeanguka. Nikasikia anakimbia, mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, kandambili pa pa pa, njia nzima bado anaita karibu. Mlango ukafunguka. Alikuwa ameshajifunga kitenge kizuri juu ya gauni la kazi. Bado ana pini mbili mdomoni.

Alinitazama. Akatazama nyuma yangu. Akatazama hadi barabarani.

Nilikuwa nimeandaa utani. Nilikuwa niseme, mgeni ni mimi, niletee maji. Utani haukutoka.

Hakunigombeza. Ningeona nafuu angenigombeza. Alitoa pini mdomoni, moja, halafu ya pili, akazichomeka begani. Akakaa kwenye ngazi. Nikakaa naye. Kule mbali ng'ombe mmoja akasema neno lake. Mama akasema, mwanangu, mimi si kwamba nataka kelele. Akasema kelele hata sufuria ikianguka inapiga. Nataka mtu anijie.

Nikamwambia kwa Mjomba watakuja watu wengi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nasaidia upande ambao sio wangu.

Akasema ndiyo, kwa Mjomba hata usipotaka watakuja. Akanifuta uso kwa pembe ya kitenge. Sikuwa nalia sana.

Usiku nimepanga vitabu vyangu ndani ya boksi. Vyote isipokuwa hiki. Meza haiingii kwenye gari lolote la mtu tunayemjua, Baba amekwisha ipima.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Mambo! Kalamu inanitoroka. Nianze mwanzo.

Saa nne kasoro. Mama ameketi, simu mapajani, anasubiri saa ifike, maana alisema saa nne na yeye si mtu wa kusema nne akapiga nne kasoro. Baba anafuta kikombe ambacho kimekauka zamani. Mimi nikasema moyoni, kama tunahama, tuhame kwa adabu. Cha watu kirudi mahali pake. Nyumba ni ya shamba, kengele ni ya nyumba, betri ni za kengele. Nikazitoa kwenye redio, nikapanda juu ya kigoda, nikazisukuma ndani ya kile kikasha cheupe.

Kikapiga kelele!

Si mlio wa kawaida. Ni kama sahani arobaini zimeteremka ngazi. Nilianguka kutoka kwenye kigoda. Baba aliangusha kikombe. Mama alisimama akataja jina la Mungu. Na kikasha hakinyamazi, kinalia, kinalia. Mama akafungua mlango ili akimbie nje, na nje amesimama Bi Buti, mfuko kwapani, kidole kimekandamiza kitufe hadi ukucha umekuwa mweupe.

Bi Buti akaruka nyuma kama mtu aliyeungua. Akasema, kumbe inalia!

Hapo ndipo yote yakatoka. Bi Buti alikuja Jumatatu. Alikuja Jumanne. Alikuja Jumatano, Alhamisi. Kila siku alibonyeza kitufe, akangoja, akabonyeza tena, na ndani anasikia cherehani ikienda bila hata kupunguza mwendo. Wiki sita za kwanza walituacha makusudi tupumzike na safari, ndivyo wanavyomheshimu mgeni. Siku zake zilipotimia, mgeni hafungui mlango. Halafu binti wa nyumba akamhakikishia barabarani kwamba mama yupo, mzima, na anasikia hata sindano. Akaelewa kwamba hatakiwi; Alhamisi alijaribu tena kidogo tu. Ijumaa na Jumamosi alibaki kwake na hasira zake. Leo amekuja mara ya mwisho, ili ajiambie kwamba alijaribu.

Mama, kwa lugha ya hapa aliyo nayo, ambayo nusu ni mikono, akamuuliza kwa nini hakuita. Sauti si anayo? Bi Buti akashtuka. Akasema mtu anayesimama nje ya nyumba ya watu akaita kwa sauti ni aliyekuja kusema kuna moto. Mama akasema kwetu anayesimama nje ya nyumba ya watu bila kuita ndiye mwenyewe huo moto.

Wakatazamana. Bi Buti akaanza, mabega yakatikisika. Mama akafuata. Walicheka hadi Mama akamshika Bi Buti mkono ili asianguke, na bado wako mlangoni, hata ndani hawajaingia.

Mfukoni mlikuwa na mapazia ya ukumbi wa kijiji, yameliwa na panya. Jumanne na Alhamisi wanawake hushona kule ukumbini. Cherehani nane. Bi Buti anasema hakuna anayejua kukata pazia likaanguka vizuri, lakini kuongea wote wanajua. Wanaongea wote kwa pamoja. Akaomba radhi kwamba kuna kelele sana, kama Mama ataweza kuzivumilia.

Mama akasema atajitahidi.

Simu ikalia, Mjomba kachoka kusubiri simu aliyoahidiwa, saa nne na robo. Mama akamwambia, kaka, acha kwanza, nina mgeni. Akakata. Acha kwanza, nina mgeni! Nilikwenda chumbani nikaikumbatia meza.

Niliporudi wote watatu walikuwa wananitazama. Baba alikuwa na kikasha mkononi. Baba, mtu wa kimya, ndiye aliyeuliza: hizi betri zilikuwa wapi wiki nzima?

Nimekiri yote. Baba alicheka kwa sauti ambayo hata Shangazi friji aliacha kunguruma. Mama hakucheka. Amesema mtoto wa fundi alikata kitambaa kabla ya kupima. Nimeapa mbele yao, mkono juu ya daftari, kwamba sitazitoa tena betri mbili za kengele kwa sababu yoyote ile. Adhabu yangu ni kumfundisha Bi Buti kupiga hodi. Tumeanza leo, pale getini. Anaitamka kama mtu anayeita ng'ombe, lakini moyo anao.

Nimetoa vitabu kwenye boksi. Nimefuta jina la Bi Buti nyuma ya daftari, ila ile mistari miwili haifutiki.

Nimejifunza mengi. Sitapanga mipango tena.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Nimechoka. Nimechoka kuliko siku ya banda.

Mapazia yameleta mashuka, mashuka yameleta magauni, magauni yameleta wenyewe. Sebuleni kuna cherehani mbili sasa, ya Mama na ya Bi Buti, ambaye husema ya kwake inaona upweke ikiwa ng'ambo. Tangu nitoke shule kengele imelia mara kumi na moja. Bi Buti hubonyeza, hupiga hodi, na hugonga pia, ili asikosee. Leo Mzee wa Mayai kaja na suruali yake na yule jogoo kwapani, akanieleza kwamba tangu jogoo alale kwetu anawika mchana kutwa. Amewika hapa hapa, sebuleni. Wote wakapiga makofi.

Mama anaimba. Anaimba vibaya kama yule kinyozi. Ni furaha, najua, na mimi nafurahi, lakini meza yangu inatetemeka na herufi zinaruka mstari.

Kesho ninasoma kwa sauti mbele ya mwalimu mkuu. Anatafutwa mmoja wa kusoma siku wazazi watakapokuja shuleni, na safari hii, sijui, nina matumaini kidogo. Mwalimu wangu amesema huenda akapita nyumbani leo mchana kuzungumza na Mama na kuniachia kitabu chenyewe, nifanye mazoezi. Asipotukuta leo, kitabu atampa mwingine. Kwa sasa ni lazima nijizoeze na kitabu cha zamani, na kusoma kunataka utulivu.

Mama na Bi Buti wamekwenda ukumbini kupima madirisha. Nusu saa tu ya amani. Mtu mwingine akija kubonyeza nitapoteza akili.

Nimeitoa betri. Moja tu. Niliapa kuhusu mbili.

Ah! Kimya. Bomba, hadi tisa, tone. Naandika mstari ulionyooka kabisa.

Kuna nyayo kwenye kokoto. Si buti, ni viatu vya kisigino. Zimefika mlangoni. Zimesimama. Hakuna hodi, hakuna wenyewe wapo. Zimesimama tu, muda wa kupinda mguu mzima wa suruali.

Zinaondoka.

Dirishani naona mwavuli wa kijani unateremka kuelekea darajani. Kumbe watu wenye miavuli ya kijani ni wengi hapa kijijini. Na wote hawana adabu. Wanakuja kutuchungulia tu.

Namsubiri mwalimu.